Nani Alipie Chujio? Maji, Pamba na Haki Mkoani Simiyu

Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa kamati za haki na amani, Bariadi

UTANGULIZI



Nazungumza nanyi juu ya jambo linaloigusa kila nyumba katika mkoa wetu, yaani maji tunayokunywa. Nimeombwa nieleze ufundi wa kusafisha maji kwa kutumia tando za polima, ufundi ambao unaweza kuondoa hata kemikali zilizoyeyuka ndani ya maji. Nitaueleza kwa lugha nyepesi kadiri niwezavyo. Lakini kwa kuwa tumekutana hapa kama watu wa haki na amani, wala si kama mafundi wa mitambo, sitaishia kwenye ufundi. Nitauliza pia ni nani anayeweka sumu katika maji, ni nani anayeinywa, na ni nani anayepaswa kulipa gharama ya kuiondoa.

1. SUMU ISIYOONEKANA

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga na sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Zao letu kuu la biashara ni pamba, nasi tunajulikana nchini kote kwa zao hilo. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na mimea inapoanza kutoa vitumba wakulima huanza kupulizia dawa ili kuwaua funza wa vitumba, vidukari na wadudu wengine waharibifu. Wakati huo ndio wakati wa mvua. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kupulizia, hukokota udongo pamoja na dawa iliyoshikamana nao, ikaupeleka kwenye vijito, vijito vikaupeleka kwenye mito ya Duma na Simiyu, na Mto Simiyu ukaumwaga katika Ziwa Victoria huko Magu, kwenye Ghuba ya Speke.

Katikati ya safari hiyo yumo binadamu. Familia nyingi vijijini huchota maji katika malambo, katika visima vifupi, na wakati wa kiangazi katika vishimo vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Lambo lililo chini ya mteremko wa shamba la pamba hupokea kila kinachoteremka kutoka shambani.

Kemikali hizi wanasayansi huziita vichafuzi vya kikaboni. Neno hilo lisitudanganye. Hapa halina maana ya kilimo hai, bali maana yake ni kwamba molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni. Katika kundi hilo zimo dawa za zamani kama DDT na endosulfani. DDT iliwekwa katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004; endosulfani iliongezwa katika orodha hiyo mwaka 2011. Sababu yake ni kwamba kemikali hizo hudumu miaka mingi, huingia katika mafuta ya miili ya viumbe, na husafiri mbali. Baada yake zimekuja dawa nyingine, kama sipamethrini, ambayo ni hatari sana kwa samaki, na profenofosi, ambayo hudhuru mishipa ya fahamu.

Je, mabaki ya dawa hizi yamewahi kuonekana katika maji yetu? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya sato na sangara wa upande wa kusini wa Ziwa Victoria, nchini Tanzania. Katika baadhi ya samaki hao yalikutwa mabaki ya DDT na endosulfani. Sisemi haya ili kuwatia watu hofu, kwa maana viwango vilivyopatikana vilikuwa chini ya kikomo kinachokubaliwa katika chakula. Nayasema ili tuelewe kwamba kinachopulizwa shambani hakiishii shambani.

Tena sumu hizi haziwezi kutambuliwa kwa macho wala kwa ulimi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha gramu 0.0000001 ya kiuatilifu kimoja katika lita moja ya maji ya kunywa. Hiyo ni sawa na gramu moja ya dawa katika lita 10,000,000, yaani ndoo 500,000 za lita ishirini. Shirika la Afya Duniani huweka vikomo tofauti kwa kila dawa kulingana na madhara yake, na vingi vyake ni vilegevu kuliko hicho. Lakini navyo vimo katika vipimo vidogo ambavyo maabara pekee huweza kuviona. Shabu hutuliza tope, klorini huua vijidudu, na kuchemsha vilevile huua vijidudu. Njia hizi zote ni njema na tusiziache. Hata hivyo hakuna hata moja kati yake inayotegemewa kuondoa dawa ya pamba iliyoyeyuka. Maji yakichemka na kupungua, dawa isiyopeperuka hubaki katika maji machache zaidi kuliko mwanzo.

2. UTANDO WA POLIMA NI NINI?

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vingi vinavyofuatana, kama shanga katika uzi. Plastiki ni polima. Hata pamba yenyewe ni polima, kwa kuwa nyuzi zake ni selulosi. Utando wa polima ni tabaka jembamba sana lililotengenezwa hivi kwamba maji yakisukumwa kwa nguvu hupenya, na vitu vingine huzuiliwa nyuma. Mama anayechekecha unga anaielewa kanuni hii. Tofauti ni kwamba matundu ya chekecheke hii hayaonekani.

Inafaa sisi watu wa pamba tuijue historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, walifaulu kutengeneza utando ulioweza kutoa chumvi katika maji kwa kasi yenye manufaa. Waliutengeneza kwa asetati ya selulosi, na selulosi ya namna hiyo hupatikana katika miti na katika zile nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu za pamba baada ya kuchambuliwa kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, John Cadotte, alitengeneza tando za poliamidi ambazo tabaka lake la kuchuja ni jembamba kuliko sehemu ya mia moja ya unywele. Tando za namna hiyo ndizo zilizoenea duniani hata leo.

Tando hizi zina madaraja manne. Daraja la kwanza huzuia tope na vijidudu vikubwa. La pili, lenye matundu madogo zaidi, huzuia bakteria na virusi vingi. La tatu huitwa uchujaji wa nano, na matundu yake yanakaribia nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. La nne huitwa osmosisi kinyume, nalo huzuia hata chumvi ya kawaida.

Dawa za mashambani hukamatwa katika madaraja mawili ya mwisho. Uzito wa molekuli ya profenofosi ni kama 374, wa endosulfani 407, na wa sipamethrini 416. Tando za uchujaji wa nano zilizo nyembamba huanza kuzuia molekuli zenye uzito wa kuanzia 200 au 300 hivi. Ukubwa peke yake hautoshi kueleza kila kitu, kwa sababu umeme ulio juu ya utando na umbo la molekuli navyo hushiriki. Lakini hesabu hiyo inatuonyesha kwa nini kazi hii inawezekana.

Wala jambo hili si ndoto ya maabara. Karibu na Paris, nchini Ufaransa, mtambo wa Méry-sur-Oise ulianza mwaka 1999 kusafisha maji ya Mto Oise kwa uchujaji wa nano. Mtambo huo ulijengwa kuweza kutoa mita za ujazo 140,000 kwa siku, na sababu mojawapo ya kuujenga ilikuwa mabaki ya viuatilifu vilivyotiririka kutoka mashambani. Hapa kwetu Tanzania, katika kijiji cha Mdori upande wa kaskazini, watafiti wa Kitanzania na wa Kijerumani walijaribu mtambo mdogo wa tando unaotumia nguvu ya jua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Walikusudia kuondoa floridi, ambayo si dawa ya shamba, lakini jaribio hilo lilithibitisha kwamba tando hizi zinaweza kufanya kazi kijijini, mbali na gridi ya umeme.

3. SI KILA CHUJIO HUONDOA KILA KITU

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, kwa sababu wananchi wengi wanaweza kudanganyika. Mwaka 2011, magharibi mwa Kenya, yaligawiwa kwa familia karibu machujio 900,000 ya nyumbani yenye nyuzi za utando. Machujio hayo ni ya daraja la pili. Yalitengenezwa ili kuzuia vijidudu vya kuhara, na hiyo ni kazi kubwa inayookoa maisha ya watoto. Lakini molekuli ya dawa ya pamba hupita katika matundu ya daraja la pili kama punje ya ulezi inavyopita katika wavu wa kuvulia sangara.

Basi mfanyabiashara au mfadhili akija kijijini na kusema kwamba chujio lake linatoa “maji safi asilimia mia moja”, wananchi wana haki ya kumwuliza: linaondoa nini, na haliondoi nini? Limepimwa na maabara gani? Limepimwa kwa maji ya wapi? Kumwuliza hivyo hakuna ukosefu wa adabu.

4. MIPAKA YA UTANDO

Hata utando wa daraja linalofaa una mipaka yake, nami ningekuwa nawapotosha kama ningeificha.

Kwanza, unahitaji nguvu. Uchujaji wa nano huhitaji kwa kawaida msukumo unaolingana na tangi la maji lililoinuliwa mita 50 hadi 100 juu ya ardhi. Bila pampu na umeme wa uhakika, au mitambo ya jua, hakuna kitakachopita.

Pili, huziba. Maji ya Mto Simiyu wakati wa mvua ni mekundu kwa tope, na maji ya malambo mara nyingi huota ukijani wa mwani. Yakipelekwa moja kwa moja kwenye utando, yatauharibu kwa muda mfupi. Ni lazima yatangulie kutulizwa na kuchujwa kwa mchanga. Hata hivyo utando huchakaa, na baada ya miaka michache hununuliwa mwingine.

Tatu, majaribio ya siku za mwanzo huweza kutudanganya. Baadhi ya kemikali hushikamana na plastiki ya utando, hivyo siku za kwanza maji hutoka yakiwa safi mno. Utando ukishashiba, kemikali huanza kupenya taratibu. Kwa hiyo mtambo haupimwi siku ya uzinduzi tu, mbele ya wageni rasmi, bali hupimwa mwaka hata mwaka.

Nne, nalo ndilo kubwa, utando hauiui sumu. Kazi yake ni kuitenga. Tuseme ndoo 100 za maji zimeingia mtamboni na ndoo 75 zimetoka zikiwa safi. Ndoo 25 zilizobaki zimebeba karibu sumu yote iliyokuwa katika zile 100, na sasa ni nzito mara nne. Je, ndoo hizo zimwagwe wapi? Zikimwagwa mtoni, kijiji cha juu kitakuwa kimejisafishia maji yake kwa kumchafulia jirani wa chini. Zinapaswa kupitishwa katika mkaa uliotayarishwa maalumu kwa kunasa kemikali, au kutibiwa kwa njia nyingine inayovunja molekuli za sumu. Mkataba wowote wa mtambo wa maji usioeleza mabaki yanakwenda wapi ni mkataba wenye upungufu.

5. NI NANI ALIPE?

Sasa tufikie swali la haki. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi na salama ya kunywa ni haki ya binadamu. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakubali kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini inahitaji kutumiwa kwa busara. Ni nani anayechafua maji ya Simiyu? Wako watakaojibu upesi: ni mkulima wa pamba, kwa maana yeye ndiye mwenye bomba mgongoni. Mimi siliafiki jibu hilo. Mkulima huyo mara nyingi amekopeshwa dawa na kukatwa deni lake pamba inapouzwa. Maelezo yaliyo kwenye chupa yameandikwa kwa herufi ndogo, glovu na barakoa hana, na mtu wa kwanza kuivuta dawa hiyo ni yeye mwenyewe. Faida ya dawa na ya pamba imegawanyika katika mikono mingi: mtengenezaji aliye ng'ambo, mwagizaji, msambazaji, mnunuzi wa pamba, na mwenye kiwanda cha nguo katika nchi za mbali. Lakini gharama ya maji yaliyochafuka haikugawanywa hivyo. Humwangukia mama anayechota lambo, na mtoto anayeyanywa.

Tukileta mtambo wa tando na kumwambia mama huyo anunue kila ndoo kwa bei ya kurudisha gharama zote, tutakuwa tumemtoza yeye adhabu ya kosa la wengine. Atakayeshindwa kununua atarudi lamboni. Hapo tutakuwa na kijiji chenye maji ya aina mbili, ya wenye nacho na ya wasio nacho, na amani haikai mahali pa namna hiyo. Kwa sababu hiyo naona ni haki kwamba mitambo ya namna hii ichangiwe na mnyororo mzima wa biashara ya dawa na pamba pamoja na serikali, na mtumiaji achangie kiasi anachokimudu kwa ajili ya uendeshaji.

Huenda mtu akasema: “Tunaletewa maji ya Ziwa, kwa nini tujisumbue?” Ni kweli kwamba mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, kwa ushirikiano na Ujerumani na serikali yetu. Tuupokee kwa furaha. Lakini tukumbuke kwamba pwani ya Busega na mdomo wa Mto Simiyu viko katika ghuba moja. Ziwa ni kubwa na huzimua mengi, ila si busara kulifanya jalala kwa mkono mmoja na kisima kwa mkono mwingine.

6. KUZUIA NI BORA KULIKO KUCHUJA

Gramu moja ya dawa iliyozuiwa isitoke shambani ni lita mamilioni ambazo hazitahitaji kuchujwa. Na njia za kuzuia tunazo.

Sheria ya mwaka 2004 niliyoitaja, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Majani na vichaka vikiachwa katika ukanda huo, hupunguza kasi ya maji na kunasa udongo uliobeba dawa. Wasukuma tuna desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kulipumzisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado katika mkoa huo, ulionyesha kwamba ngitili zikiheshimiwa ardhi iliyochakaa hufufuka. Tunashindwa nini kuwa na ngitili za kando ya mito na malambo, zikilindwa kwa maamuzi ya dagashida na kwa sheria ndogo za vijiji?

Pia katika wilaya yetu ya Meatu, tangu mwaka 1994, wapo wakulima wanaolima pamba ya kilimo hai chini ya mpango wa bioRe, bila viuatilifu vya viwandani. Hupanda alizeti kati ya pamba ili kuwavuta wadudu, na hubadilisha mazao. Sisemi kila mkulima anaweza kuhamia huko kesho, lakini asituambie mtu yeyote kwamba pamba haiwezekani bila sumu.

7. YA KUFANYA

Ndugu wajumbe, naomba mrudi kwenye vijiji vyenu na kazi hizi.

(a) Orodhesheni malambo na visima vilivyo chini ya mashamba ya pamba, na muandike umbali wake kutoka shambani.

(b) Elimisheni kaya zisitumie chupa na madumu ya dawa kwa maji, maziwa au mafuta. Chupa iliyokwisha isukutuliwe mara tatu, maji ya kusukutulia yarudishwe ndani ya bomba yapulizwe shambani, kisha chupa itobolewe. Bomba lisioshwe mtoni wala lamboni.

(c) Ombeni kwa maandishi, kupitia serikali ya kijiji, RUWASA na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwamba maji yapimwe viuatilifu, hasa katika wiki za kupulizia, na majibu yabandikwe mahali pa wazi.

(d) Mkiona dawa isiyo na lebo ya Kiswahili au inayouzwa kwa vipimo vya kumimina, toeni taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020.

(e) Mtambo wa maji ukiletwa, dai la kwanza liwe kuonyeshwa mkataba: nani atabadilisha tando, mabaki yatapelekwa wapi, na bei ya ndoo itapangwa na nani.

HITIMISHO

Utando wa polima ni zawadi kubwa ya akili ya binadamu, na naamini siku moja utatusaidia hapa Simiyu, hasa mashuleni, katika zahanati, na mahali ambapo maji yamekwisha kuchafuka. Tusiukatae. Lakini tusikubali uletwe ili uchafuzi uendelee kwa amani upande wa juu huku maskini akilipia chujio upande wa chini. Kwanza tuzuie, kinachoshindikana kuzuilika tukichuje, na gharama ya kuchuja ibebwe na wale walionufaika.



MASWALI YA KUJADILI VIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, ni chanzo gani cha maji kilicho karibu zaidi na mashamba yanayopulizwa dawa? Nani hukitumia?

2. Je, mkulima wa pamba ni mchafuzi, ni mhanga, au ni vyote viwili? Toeni sababu.

3. Mtambo wa kuchuja ukijengwa kijijini kwenu, familia isiyo na fedha itapataje maji?

4. Taja hatua moja ambayo kikundi chenu kitaichukua kabla ya msimu ujao wa kupulizia, na nani atakayeifuatilia.